Kupe wa Marekani, papasi wa kwetu, na bakteria anayebadili jezi

#1 Hadubini (mwenye uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Mdogo wangu wa mwisho yuko Connecticut, Marekani, anasoma. Wiki iliyopita katuma picha kwenye grupu la familia: paja lina doa jekundu, pana kama kisosi cha chai, katikati limefifia. Daktari kamwambia ni ugonjwa wa Lyme, ameambukizwa na kupe, kampa doksisaiklini, mambo yataisha. Yeye mwenyewe yuko poa kabisa, anakwenda darasani. Balaa limeanzia huku. Shangazi wa Magu kaamuru ndama wahamishwe uani. Baba mdogo wa Buhongwa anasema kama ni kupe, sisi tuliochunga tungekuwa tumekwisha zamani. Na binamu mmoja, ambaye kwake kila ugonjwa una kiwanda ulikotoka, kaleta klipu kwamba Lyme ilitengenezwa maabara.

Mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa kumi na tisa huu, mingi nikiwa ng'ambo ya Busisi enzi za kivuko. Nimejibu grupu kwa sauti mpaka koo limekauka. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nampa linki.

Kwanza huyo kupe si wa kwetu. Kule ni Ixodes scapularis, na akiwa hajakomaa ni kama mbegu ya mchicha, unamwona ukadhani ni uchafu. Anakula kwa panya wa porini, kwa kulungu, na kwa binadamu aliyepita njia. Kupe wa ng'ombe wetu wana kesi zao nyingine, wafugaji waliomo humu watazisema.

Lyme ni jina la mji. Mwaka 1975 mama mmoja wa huko, Polly Murray, alichoka kuambiwa kila mtoto anayevimba goti ana ugonjwa wake peke yake. Akaanza kuandika majina na kusumbua maofisa kwa simu. Daktari Allen Steere wa chuo kikuu cha Yale akalifuatilia. Kumbe ni watoto wengi, mtaa mmoja, maumivu yaleyale. Bakteria mwenyewe alikuja kuonekana baadaye, na mtafiti Willy Burgdorfer, aliyechapisha habari yake 1982. Jamaa alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa kwenye matumbo ya kupe kutoka kisiwa cha Shelter, New York, akaona nyuzi nyembamba zilizojipinda. Hapo kwenye nyuzi mnikumbushe, nitarudi, maana kuna habari ya Afrika ndani yake.

Sasa nilichotaka kusema. Bakteria huyo, Borrelia burgdorferi, ganda lake la nje limechomekwa protini nyingi zenye mkia wa mafuta. Kinga ya mwili haimjui kwa roho yake, inamjua kwa kilichoko juu ya ganda. Na yeye amelielewa hilo.

Fikiria shabiki wa Simba pale Kirumba, siku ya mechi na Yanga. Akiwa jukwaa lake kavaa nyekundu, hana shida na mtu. Jukwaa hilo ni tumbo la kupe mwenye njaa. Humo bakteria anavaa protini inayoitwa OspA, na OspA inang'ang'ania ukuta wa utumbo wa kupe, kwenye kishikizo ambacho watafiti walikipa jina TROSPA mwaka 2004. Anakaa hapo miezi, kimya, kupe naye hana habari.

Kupe anapata mtu. Damu ya moto inaingia, joto tumboni linapanda, uchachu unabadilika. Bakteria wanaanza kuvua OspA na kuvaa protini nyingine, OspC. Wakishavua hawashikwi tena na ukuta, wanatoka utumboni, wanasafiri hadi kwenye tezi za mate, wanangoja kushuka. Na kuna ujanja nilioupenda kuliko yote: OspC inashika protini ya mate ya kupe, Salp15, bakteria anajifunika nayo kama mtu aliyejitupia khanga kichwani akipita mbele ya wanaomdai. Anaingia mwilini mwako amevaa mate ya mwingine.

Kubadili nguo huko kunachukua muda, mara nyingi siku moja na nusu au zaidi. Ndiyo maana Wamarekani wanaambiwa wajikague kila jioni. Ukimtoa kupe ndani ya saa 24, mara nyingi bakteria bado yuko chumbani anatafuta shati.

#2 Kapuku wa Igoma

Nimekaa mbele kabisa na karanga zangu. Ila mkuu, kati ya timu zote umeona Simba ndiyo ibebe bakteria?

#3 Mwaloni Mapema

@Kapuku wa Igoma anavua nyekundu akishaanza safari, maana yake anahamia Yanga. Bingwa anajulikana.

#4 Sisi wa Pamba

Na sisi tumo humu jamani, tusisahaulike.

#5 Chuo Bado

Mkuu Hadubini, swali la mtu anayesoma. Bakteria hana ubongo. Anajuaje sasa ni wakati wa kubadilisha? Na ukishatengeneza kingamwili, yaani silaha za kinga, za OspC si unammaliza?

#6 Hadubini

@Chuo Bado hajui chochote. Ana swichi. Joto likipanda na uchachu ukibadilika, kuna protini ndani yake, RpoS, inaongezeka, na ndiyo inayowasha jeni ya OspC na wenzake. Jeni ya OspA inafifia. Ni kama jokofu linavyowaka na kuzima lenyewe, halihitaji akili.

Swali la pili ni zuri sana. Ndiyo, kingamwili za OspC zinakuja na zinaua. Waliobaki ni wale walioivua nayo. Kisha inakuja protini ya tatu, VlsE. Jeni yake iko karibu na ncha ya plasmidi, kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, moja iliyonyooka (bakteria huyu ana plasmidi zaidi ya 20, na hata kromosomu yake imenyooka badala ya kuwa duara kama ya bakteria wengi). Pembeni ya jeni hiyo kuna vipande 15 vilivyonyamaza, havisomwi. Bakteria anachukua kipande hapa, kipande pale, anabandika kwenye jeni inayosomwa. Kila kizazi kinatoka na kitambaa chenye viraka vipya. Unatengeneza kingamwili za viraka vya jana, leo amevaa vingine.

@Sisi wa Pamba nyie mmo humo kwenye viraka.

#7 Binamu Halisi

Huyo binamu ni mimi, nimemfuata humu. Kaka, hujajibu habari ya maabara. Kisiwa cha Plum kipo jirani kabisa na Connecticut, wanafanya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ugonjwa unatokea hapohapo. Unaniambia ni bahati mbaya?

#8 Hadubini

Karibu ndugu yangu, nilijua hutalala. Ile maabara ilifunguliwa 1954. Kuna kupe waliokusanywa Long Island miaka ya 1940 wakahifadhiwa makumbusho. Walipokuja kupimwa baadaye, DNA ya bakteria huyu ikakutwa ndani yao. Hapo maabara haijajengwa. Na Ötzi, yule maiti wa barafuni aliyekutwa milima ya Alps mwaka 1991, mwenye miaka kama 5,300, walipomsoma DNA yake walikuta vipande vinavyoshabihiana na vya Borrelia. Labda naye alikuwa na cheti cha Plum.

#9 Binamu Halisi

Sawa. Basi chanjo? Walikuwa nayo wakaiondoa. Hilo nalo ni bahati?

#10 Hadubini

Hilo sikukatalii, ni kweli na ni habari ya kusikitisha. Iliitwa LYMErix, ya SmithKline Beecham, ikaruhusiwa Marekani Desemba 1998. Waliitengeneza kwa OspA. Chuo Bado umeshaanza kukuna kichwa: OspA inavuliwa kwa kupe, sasa chanjo ya OspA itanisaidia nini mimi?

Ndiyo uzuri wake. Ukichanjwa, kingamwili za OspA zinakaa kwenye damu yako hazina kazi yoyote. Kupe akikuuma, anakunywa damu pamoja na hizo kingamwili. Zinashuka tumboni mwake na kuwakuta bakteria bado wamevaa nyekundu. Vita inapiganwa ndani ya kupe, wewe umelala. Mimi sijui chanjo nyingine ya binadamu inayonifurahisha hivi. Umemtilia mwizi sumu kwenye chakula anachokuibia.

Baada ya dozi tatu ilikinga kwa takriban asilimia 76. Lakini watu wakaanza kusema inawaletea maumivu ya viungo. Kwenye karatasi ya kitaalamu kulikuwa na hoja kwamba kipande cha OspA kinafanana kidogo na protini moja ya binadamu, pengine kinga inachanganya. Mamlaka yao ya dawa ilichunguza, haikukuta ushahidi kwamba waliochanjwa wanaumwa viungo kuliko wasiochanjwa. Haikusaidia. Kesi mahakamani, magazeti, mauzo yakaanguka, na Februari 2002 kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni. Tangu hapo mbwa wa Marekani anachanjwa Lyme na mwenye mbwa hachanjwi. Kampuni za Valneva na Pfizer wana mpya, nayo ni ya OspA, aina sita kwa mpigo ili iwafae na watu wa Ulaya. Majaribio yake ya awamu ya tatu yalianza 2022.

#11 Josho la Zamani

Bwana Hadubini, shikamoo kwa waliokuzidi humu, nami nikiwemo. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nikazie hilo la kupe wetu. Kupe wa masikio, yule wa kahawia, ndiye analeta ndigana kali. Yule mwenye madoa ya kupendeza analeta maji moyo. Hakuna kati yao mwenye Lyme, kwa hiyo mwambie shangazi yako arudishe ndama, ila awaogeshe, maana hiyo ndigana itammalizia.

Na hilo la protini za juu ya ganda halikuanza kwenu. Kimelea cha ndigana kali nacho kina protini yake ya juu, p67, watu wamehangaika nayo miaka mingi kutafuta chanjo. Chanjo tunayotumia sisi ni ya kizamani: unamchoma ndama kimelea hai, na dakika hiyohiyo unamchoma oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu. Anaugua kidogo, anapona, anakuwa na kinga. Ni kazi ya barafu na mitungi ya naitrojeni, lakini inafanya kazi.

#12 Hadubini

Marahaba siitoi, shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kunisaidia, shangazi nimemtumia maneno yako kama yalivyo.

#13 Mama Dagaa

Mimi nipo Buchosa. Nimesoma yote ila kuna kitu kinanisumbua. Huku kwetu mama mkwe anasema homa ya papasi. Papasi ndiye huyo kupe au ni mdudu mwingine? Na umesema utarudi kwenye habari ya Afrika.

#14 Hadubini

Mayu, wewe ndiye niliyekuwa nakungoja.

Papasi ni binamu wa kupe, lakini tabia ni tofauti. Kupe wa Lyme anakaa mwilini siku kadhaa. Papasi anakaa kwenye ufa wa sakafu ya udongo, anatoka usiku, anakunywa nusu saa au chini ya hapo, anarudi ufani kabla hujageuka upande. Asubuhi huna wa kumtoa. Bakteria wake ni Borrelia duttonii, ukoo mmoja na yule wa Lyme, na yeye hasubiri siku moja na nusu: mnyonyo mmoja tu unatosha.

Jina ni la Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa anauchunguza ugonjwa huu Kongo, ukampata, akafa huko 1905 akiwa na miaka 30. Mwaka huohuo daktari Mjerumani, Robert Koch, alikuwa huku kwetu, wakati wa Mjerumani, akifuata njia za misafara na kupasua papasi. Akawakuta bakteria mpaka ndani ya mayai, yaani papasi anazaa watoto wakiwa nao tayari.

Sasa zile nyuzi. Burgdorfer alikuwa Mswisi, na shahada yake ya uzamivu pale Basel aliifanyia papasi na Borrelia duttonii. Miaka thelathini baadaye anapasua kupe wa New York, anaona nyuzi zilizojipinda, na badala ya kuzipita anasema hizi nazifahamu. Lyme ilitambuliwa na macho yaliyofundishwa na papasi wa Afrika. Kwenye grupu la familia hakuna aliyelijali hilo, nyie je?

Na mchezo wa jezi, mwenye mchezo ni huyu wa kwetu. Homa inapanda siku tatu hivi, damu imejaa bakteria wa vazi moja. Kingamwili zinakuja, zinawafagia, homa inashuka, mgonjwa anaamka anaomba ugali. Wiki inapita. Wale wachache waliokuwa wamebadilisha vazi wameshazaana, homa inarudi upya. Kwa binamu yake wa Marekani, Borrelia hermsii, watafiti mwaka 1982 walianza na bakteria mmoja tu wakapata mavazi 24 tofauti kutoka kwake. VlsE ya Lyme niliyoisema pale juu ni ya familia hiyohiyo ya protini.

#15 Chuo Bado

Mbona kwenye zahanati hatuusikii huu ugonjwa?

#16 Hadubini

Kwa sababu hatuangalii.

Nitawapa moja, mahali sitaji. Alikuja mama mjamzito, mimba ya miezi saba, homa. Kipimo cha haraka cha malaria: hakuna. Akapewa dawa ya mseto hivyohivyo, maana homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Siku mbili akapata nafuu, wote tukajipongeza. Baada ya wiki karudi. Kipimo: hakuna. Dawa ileile. Mara ya tatu aliletwa kwenye pikipiki kashikiliwa katikati ya watu wawili.

Kile kipimo kinatafuta protini ya kimelea cha malaria. Vingi vinatafuta moja tu, HRP2. Ni mgambo aliyeambiwa akamate mwenye jezi ya bluu, wengine wote wapite. Kilisema kweli mara zote tatu. Sisi ndio hatukuuliza swali lingine.

Usiku huo nilikuwa zamu. Nilichukua tone la damu bichi, kioo juu, nikatazama bila rangi. Kwanza huoni kitu. Halafu unaona chembe nyekundu moja inaruka, kama imepigwa kiwiko. Nyingine pembeni nayo inasukumwa. Hakuna upepo mle. Unapunguza mwanga, unatuliza jicho, ndipo unauona uzi wenyewe unajipindapinda katikati yao, na mwingine, na mwingine. Nilipoipaka rangi ya Giemsa walikuwa kama nywele za zambarau zilizomwagika kwenye kioo kizima. Sikuhesabu.

Alipewa penisilini. Dozi ya kwanza ikishaingia, bakteria wanakufa kwa mkupuo, na mwili unachachamaa: mtetemeko mkali, homa inaruka, presha inashuka. Tulijua itakuja, tulikaa naye na dripu. Mama alipona. Mtoto alizaliwa usiku wa pili yake, hakufika asubuhi. Homa hii ina tabia hiyo kwa wajawazito, iko kwenye vitabu vyote, na vitabu vilikuwa kwenye kabati letu.

#17 Mwaloni Mapema

Dah. Pole mkuu. Pole kwa yule mama.

#18 Binamu Halisi

Hii hukuwahi kutuambia nyumbani.

#19 Mama Dagaa

Pole baba. Naomba niulize la mwisho. Nyumba ya mama mkwe ni ya udongo, na mjukuu anayelala kwake homa inakwenda na kurudi, mwezi wa pili sasa. Kipimo kila siku hakuna kitu. Nifanyeje?

#20 Hadubini

Mpeleke homa ikiwa juu, siku hiyohiyo, usingoje ishuke, maana ikishuka bakteria hawaonekani kirahisi. Waambie waziwazi: naomba damu iangaliwe kwa hadubini, tone nene, natoka kwenye nyumba yenye papasi. Sema hilo neno papasi, usione aibu, ndilo litakalomfanya mtu wa maabara ainue kichwa. Ikionekana, dawa zipo na si za ajabu, ila ameze dozi ya kwanza akiwa palepale, wamtazame saa kadhaa.

Mtoto ahame chumba leo. Kulala kwenye mkeka chini ni kuwaandalia meza.

#21 Josho la Zamani

Nyongeza ya nyumba: sakafu ya saruji ndiyo dawa hasa, kwa sababu hawana pa kujificha. Kama bado, zibeni nyufa za ukuta chini, kitanda kikae mbali na ukuta. Kuwatafuta, chokonoa vumbi la pembeni kwa kisu, lichekeche kwenye karatasi nyeupe, subiri. Mwanzoni wanajifanya wamekufa.

#22 Mama Dagaa

Nimerudi. Mtoto tulimpeleka jana usiku, homa 39.6. Yule kijana wa maabara alianza kutoa kile kipimo, nikamwambia papasi. Akanyamaza, akaniuliza nimejuaje, akaenda kutazama. Kakaa sana. Alipotoka akamwita mwenzake naye aje aone. Wamempa dawa, usiku alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, lakini nilikuwa nimeshajua. Leo kanywa uji.

Chumbani kwa bibi nimechokonoa karibu na mguu wa kitanda, nimepata watano. Rangi ya ugoro, ngozi imekunjamana kama kiatu cha zamani. Mama mkwe alitaka kuwabonyeza kwa kidole.

#23 Hadubini

Usimruhusu! Majimaji yao yanaambukiza kwenye mchubuko. Watie kwenye chupa, ufunge.

#24 Mama Dagaa

Wamo kwenye chupa ya kahawa, juu ya kabati. Leo siku ya nne hawajala kitu, na bado wanatembea.

#25 Hadubini

Watatembea sana. Hao wanakaa miaka bila kula. Chupa uipeleke kwa yule kijana wa maabara.